Kesi yangu ya milioni 41 ilifutwa nikiwa nimekaa nje ya mlango

Nilikuwa sitaki kuandika hii kitu maana mpaka leo nikiikumbuka nachoka, ila wiki iliyopita jirani yangu mmoja hapa Keko kanifuata anaomba namba ya wakili, kuna mtu anamdai, nikamuuliza deni la lini, akasema "la muda kidogo". Nikamwambia vuta kiti. Hilo neno muda kidogo ndo lilinimaliza mimi. Nilipomaliza kumsimulia akaniuliza sasa mbona huandiki watu wakasoma, basi naandika, na nitaongea vilevile nilivyoongea nae.

Mimi ni fundi seremala, nina banda langu Keko, natengeneza vitanda, makabati, milango, vitu vya ndani vyote. Mwaka 2017 nikapata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kushika, mama mmoja mwenye gesti Sinza alikuwa anaikarabati anataka vitanda 24 vya mninga, makabati 24, vimeza vya pembeni na samani za mapokezi. Jumla milioni 56. Akatanguliza milioni 15, nikakopa mbao, nikaongeza vijana wawili, tukafanya kazi mpaka usiku, na Novemba 2017 kenta ikapeleka mzigo wa mwisho, meneja wake akahesabu kitanda kimoja kimoja akasaini karatasi ya kupokea mzigo. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo. Ilibaki milioni 41 na ndo hiyohiyo haijawahi kuja.

Watu wananiuliza kwanini hukwenda mahakamani 2018. Jamani, mnaishi Dar hii hii au? Kumpeleka mtu mahakamani kwetu ni kama umetangaza vita, halafu huyu ni mama mtu mzima, ananiita baba, nikienda ananiwekea soda, ananiambia "baba nivumilie mwezi huu, mwezi ujao hatuongei hivi". 2019 akasema kodi ya TRA imembana. 2020 corona, gesti haina wageni, hapo hata mimi nilimuonea huruma. 2021 akaacha kupokea simu akawa anajibu meseji tu. Nikawa napita na pikipiki naona taa za gesti yake zinawaka vyumba vyote najiambia ah, huyu mwaka huu atalipa.

Sasa hapa ndo kuna kitu cha kwanza ambacho sikukijua. Deni la mkataba kwa sheria yetu ya ukomo wa muda lina miaka sita, unahesabu tangu siku haki yako ya kudai ilipoanza, yani siku alipotakiwa kulipa asilipe. Ukipita hapo hata kama una karatasi, una mashahidi, na mdaiwa mwenyewe amekaa kimya hajalalamika, mahakama yenyewe inatakiwa iitupe. Kila dai lina muda wake, kuna jirani yetu fundi wa masofa aligongwa na gari akavunjika mguu, akawa anazungushwa na mwenye gari miaka minne, alipokuja kuuliza akaambiwa madai ya fidia ya namna ile ni miaka mitatu. Ardhi ni 12. Na usifikiri utaenda kwa hakimu umbembeleze akuongezee muda wa kufungua kesi, hakimu anaweza kuongeza muda wa maombi au rufaa, ila muda wa kufungua kesi yenyewe ukishapita anayeweza kuongeza ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, tena kwa kiasi tu. Nani kati yetu anafika kwa Waziri kwa ajili ya vitanda.

Na kitu kingine ambacho ningekijua 2019 kingenisaidia: mdaiwa akikuandikia na kusaini kwamba nakiri nadaiwa kiasi hiki, au akilipa kidogo katika lile deni, hesabu ya miaka inaanza upya kuanzia hiyo siku. Zile soda zote nilizokunywa Sinza ningeweza siku moja kumuomba aniandikie karatasi moja tu. Alikuwa bado ananiita baba, angesaini.

Anyway, mimi sikuchelewa kufungua. Aprili 2022 nilifungua, ndani ya miaka sita kabisa. Kuna mtu alinishauri niende mahakama ya mwanzo ni rahisi hakuna mambo mengi, ila kule kwa mali inayohamishika mwisho wao ni milioni 30, kwa hiyo nikaangukia mahakama ya wilaya. Wakili nilielekezwa na mteja wangu, na nilihakikisha sio kishoka, ofisi anayo, leseni ya mwaka anayo (mahakama ina mfumo wa kuangalia kwenye mtandao, andika jina la wakili linatokea kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huo au la, fanyeni hivyo kabla hamjatoa hata mia). Tukakubaliana milioni mbili, nusu kwanza nusu mbele ya safari. Nikarudi bandani nimeshusha mzigo, nikamwambia mama Nuru, mke wangu, sasa hilo ni la wakili.

Hapo ndo nilipokosea kuliko kote. Nilidhani kumlipa wakili ni kama kumpa fundi kazi, unarudi siku ya kuchukua. Wakili wangu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kesi nyingi kuliko siku za wiki, na mimi sikuwahi kumuuliza tarehe mpaka anikumbushe yeye. Kesi ikawa inatajwa, inaahirishwa, inatajwa. Kwa mtu wa banda, kwenda kutajwa ni siku imekufa, unafika saa mbili asubuhi unaitwa saa tano, mnasimama dakika mbili mnaambiwa tarehe nyingine. Kwa hiyo mara mbili sikwenda, mara ya kwanza wakili alikuwepo, mara ya pili na yeye hakuwepo. Sikujua kwamba kwenye jalada linaandikwa "mdai hayupo", na linabaki hapo linakusubiri.

Usuluhishi nilienda. Ule ni lazima kwenda, usipotokea bila sababu kesi inaweza kufia hapohapo, na wana siku 30 tu za kuwasuluhisha. Yule mama akaja na mtoto wake wa kiume, akasema hana uwezo wa milioni 41, anaweza kutoa milioni 10 kwa laki tano tano kila mwezi. Mimi nikapanda hasira, nikamwambia mbele ya msuluhishi mama we unanitania, vitanda vyangu vinalaliwa kila siku unakusanya hela halafu unaniambia laki tano? Nikatoka. Wakili akanifuata nje akaniambia mzee tungeongea ingefika hata 20. Nikamwambia haki yangu ni 41. Naandika hii huku najicheka, ila cheko lenyewe la maumivu.

Usuluhishi ukashindikana, kesi ikapangwa kusikilizwa Jumanne tarehe 14 Machi 2023. Siku yangu ya kutoa ushahidi.

Hiyo siku niliwahi. Nasema ukweli wa Mungu niliwahi, saa moja na nusu nilikuwa getini, shati jeupe, faili langu la plastiki la kijani lina karatasi za mzigo zote. Wakili akanipigia saa mbili akasema ana kesi Mahakama Kuu asubuhi hiyohiyo ila ameshampigia mwenzake atakuja kumshikia, yani kusimama badala yake, nisiwe na wasiwasi. Nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha hakimu wetu, kilekile tulichokuwa tunaingia siku zote. Benchi lenyewe la mvule, zuri, ila mguu mmoja kiungo kimelegea linayumba, na mimi kwa akili zangu za ufundi nikainama naangalia kwanini linayumba, kumbe aliyelitengeneza alipiga msumari sehemu ambayo ilitaka ulimi wa mbao wa kuchomeka. Nikakaa hapo nalitikisa nawaza ningelirekebishaje. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu. Mlango umefungwa. Nikajisemea leo hakimu kachelewa.

Saa nne kasoro ndo namuona mtoto wa yule mama anashuka ngazi kutoka ghorofa ya pili na wakili wao, wanacheka. Akaniangalia akanyamaza. Hapo tumbo likakata.

Nikapanda mbio. Karani wa juu akaniuliza namba ya kesi, nikampa, akapekua, akasema "mzee, hii imeitwa mara tatu, imefutwa." Nikamwambia nipo hapo chini tangu saa moja. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ubaoni, majalada yaliyohamishiwa kwa hakimu mwingine, la kwetu lilikuwa la nne kutoka juu. Hiyo karatasi nilipita mbele yake asubuhi. Yule wakili wa kushikilia alifika saa nne na robo anahema, aliganda kwenye foleni Tazara. Hakimu mpya alifungua jalada akaona mdai hajafika leo, hajafika siku ile na siku ile, wakili wa upande wa pili akaomba kesi ifutwe kwa gharama, yani mimi nimlipe yule mama gharama zake, ikafutwa. Nafikiri ilichukua muda mfupi kuliko mimi kuandika hii aya.

Niwaambie kitu hapa maana hata mimi nilichanganya. Sisi mtaani kila kitu tunasema "kesi imefutwa", ila kuna kuondolewa mahakamani na kuna kufutwa kabisa, na tofauti yake ni kubwa kuliko unavyofikiri. Ikiondolewa kwa sababu ya kasoro, mfano hati imekosewa, unarekebisha unafungua upya kama muda wa ukomo haujaisha. Ikifutwa kwa sababu mdai hakufika siku ya kusikilizwa na mdaiwa alikuwepo, chini ya ile Amri ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, huruhusiwi kufungua kesi mpya kwa jambo hilohilo, mlango pekee ni kuomba ile amri itenguliwe kesi irudishwe, na utoe sababu ya maana kwanini hukuwepo. Na una siku 30. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwa mdomo, omba nakala ya amri usome neno lililoandikwa.

Sasa mimi sababu nilikuwa nayo tena nzuri! Nilikuwepo, jalada limehama, mlinzi wa getini ameniona, ningeenda keshoyake na kiapo changu na cha yule mlinzi nadhani ningerudishiwa. Hata wakili alisema hii ndogo, tutairudisha. Siku 30 zikaanza kuhesabika, na 30 ukiisikia unaona ni nyingi.

Wiki ya kwanza tunasubiri nakala ya amri. Wiki ya pili wakili yuko safarini Dodoma. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, mimi nafunga, oda za Idi zimejaa bandani. Pasaka nayo ikaja, Ijumaa Kuu mwaka ule iliangukia tarehe 7 Aprili pamoja na Karume Day, mpaka Jumatatu ya Pasaka ofisi zimefungwa. Tarehe 12 Aprili usiku ndo wakili akapandisha maombi kwenye mfumo wa mahakama. Siku ya 29. Tarehe 13, siku ya mwisho, jioni, kontro namba ikatoka, akanitumia WhatsApp akaandika "lipia hii mzee".

Nikaiona saa tatu usiku. Hela yenyewe haikufika elfu hamsini. Nikasema kesho Ijumaa nitapita benki, Ijumaa nikabanwa na mteja, Jumamosi na Jumapili nikajua mambo ya serikali hayaendi wikendi, nikalipa Jumatatu tarehe 17. Kwa simu! Nilikuja kulipa kwa simu nimekaa kwenye ubao wa randa, dakika moja. Kitu ambacho ningefanya siku ileile saa tatu usiku nikiwa kitandani.

Upande wa pili wakaleta pingamizi la awali, maombi yameletwa nje ya muda, hati haihesabiki imeingia mpaka ada ilipwe na ada imelipwa siku nne baada ya muda. Mawakili wenyewe wanabishana kwenye hili, wengine wanasema kinachohesabika ni siku uliyopandisha kwenye mfumo, wengine siku ya kulipa. Mimi nasemaje? Mimi nasema usiwe mtu wa kubishaniwa, kontro namba ikitoka lipa palepale hata kama uko msibani. Na kama tatizo ni mfumo wenyewe, umekwama, mtandao umekatika, kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao za 2018 zinakuruhusu kwenda kueleza mahakamani kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Piga picha ya kioo hiyo hitilafu ikionekana na saa. Kwetu mfumo ulikuwa mzima, mbovu nilikuwa mimi.

Tarehe 8 Juni pingamizi linakuja kusikilizwa, wakili wangu akaona bora tuyaondoe maombi wenyewe kabla hayajatupwa, halafu tuombe kwanza kuongezewa muda. Hapo nampa heshima yake, nilikuja kuelewa baadaye kwamba yangetupwa kwa kuchelewa ingekuwa ngumu zaidi kurudi palepale. Yakaondolewa, na gharama nikabebeshwa.

Siku hiyo tuliachana nae. Hatukugombana sana, nilimwambia tu naona bora nitafute mwingine akasema sawa mzee, na ile milioni ya pili hakuidai. Ila kuchukua faili langu ofisini kwake nilienda mara tatu.

Nikaanza kusoma mwenyewe usiku. Kuna tovuti inaitwa TanzLII, ni bure, hukumu za mahakama zetu zimejaa, nyingi za Kiingereza ila ukienda taratibu unaelewa. Nikakutana na ile ya Lyamuya, iliyofunguliwa 2010 ikaamuliwa 2011, Mahakama ya Rufani, kila anayeomba kuongezewa muda lazima aimbe huo wimbo: ueleze siku zote ulizochelewa, ucheleweshaji usiwe mrefu kupita kiasi, uonyeshe ulikuwa na bidii sio uzembe wala kupuuzia, na kama kuna kasoro kubwa ya kisheria kwenye uamuzi wenyewe uiseme. Na nikakutana na nyingine kibao zinasema uzembe wa wakili sio sababu, na mwenye kesi hawezi kukaa nyumbani halafu aje amtupie wakili lawama zote, kesi ni yake anatakiwa kuifuatilia. Nilisoma hiyo saa saba usiku nikazima simu nikalala nimeangalia ukuta.

Wakili wa pili alikuwa dada mmoja kijana, mkali, nilimlipa milioni moja na laki mbili. Alichofanya cha kwanza alichukua karatasi akaandika tarehe kuanzia 13 Aprili kushuka chini mpaka siku hiyo tuliyokaa, kila siku mstari wake, akaniambia kaka jaza ulikuwa wapi na nani anathibitisha. Sio wiki, siku. Akasema mahakama inataka maelezo ya hata siku moja.

Tangu tarehe 17 Aprili mpaka 8 Juni haina shida, maombi yalikuwa mahakamani. Tarehe 9 mpaka 13 Juni tunafuatilia nakala, barua ya kuomba ipo imegongwa muhuri. Tarehe 14 mpaka 20 nilikuwa Handeni, baba mkwe alifariki, tiketi za basi nilikuwa nazo, na barua ya mtendaji wa kijiji tuliipata. Ofisini kwake nilifika tarehe 29. Akaweka kalamu kwenye mistari iliyobaki wazi.

"Kaka, tarehe 21 mpaka 28 ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Unafanya nini?"

"Natengeneza kabati la mteja wa Mbezi. Ndo hela niliyokuletea wewe."

Akaguna. Nikamwambia dada tuandike nilikuwa naumwa, kuna mtu ana zahanati anaweza kunipa karatasi. Akaweka kalamu chini akaniangalia kama mama yangu, akasema hiki ni kiapo kaka, ukidanganya hapa unatoka kwenye kesi ya madai unaingia kwenye jinai, na mimi siweki muhuri wangu kwenye uongo. Tukaandika ukweli, nilikuwa natafuta hela ya wakili. Akanitahadharisha mapema kwamba kukosa hela mara nyingi mahakama haikubali kama sababu.

Maombi yakaingia tarehe 3 Julai, kontro namba nililipa nikiwa bado nimesimama mlangoni kwake. Tukapangiwa kuwasilisha hoja kwa maandishi, na hapo akaniambia jambo ambalo wengi hawalijui: mkishapangiwa tarehe ya kuleta hoja za maandishi, usipoleta ni sawa na hukufika siku ya kusikilizwa, inafutwa vilevile. Yeye alipeleka siku tatu kabla.

Uamuzi ulisomwa Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023. Nilifika saa moja, nikasoma karatasi zote ubaoni, nikamuuliza karani mara mbili ni chumba gani, mpaka akanizoea. Hakimu alisoma taratibu. Akanipa pole ya msiba. Akasema anakubali kipindi maombi yalipokuwa mahakamani, anakubali safari ya Handeni. Halafu akafika kwenye zile siku nne za Aprili, mwombaji alipewa namba ya malipo ndani ya muda akaacha kulipa bila sababu yoyote, halafu siku nane za Juni, mwombaji anasema alikuwa kazini. Alivyolisoma hilo neno "kazini" lilisikika vibaya sana. Maombi yakatupwa na gharama.

Kuhusu vitanda, idadi yake, ile saini ya meneja, hakuna hakimu hata mmoja aliyewahi kuulizwa. Miezi 18 mahakamani na faili langu la kijani halijawahi kufunguliwa. Kulikuwa na njia ya kupanda Mahakama Kuu, dada wakili akanipigia hesabu ya gharama na uwezekano, hakunificha, nikamshukuru nikamwambia tuishie hapa.

Nilipofika nyumbani mama Nuru hakuuliza, aliniona tu akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Wiki mbili nilikuwa sielewani na vijana bandani, napiga kelele kwa vitu vidogo, mpaka mmoja akaniambia bosi nenda kapumzike. Hii nayo ni gharama ingawa hakuna risiti yake. Zenye risiti nilijumlisha: wakili wa kwanza milioni moja, wa pili milioni na laki mbili, ada, nakala na nauli kama laki tatu na nusu, bado sijaweka siku za banda kufungwa.

Siku hizi nina kaunta buku moja ya madeni tu. Kila oda ya zaidi ya milioni moja ina karatasi yenye saini, tarehe ya mwisho ya kulipa imeandikwa, na nimehesabu miaka sita mbele nikaandika kwa kalamu nyekundu, halafu nikarudi nyuma miaka minne nikaandika "hapa usikubali soda". Kama huna hela ya wakili msikae nayo moyoni, kituo cha sheria na haki za binadamu wanasikiliza watu bure, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) kwa kina mama, na kila mwaka mwezi wa kwanza Wiki ya Sheria ikifika watu wa mahakama wanakaa wazi wanajibu maswali bila hela, nenda na karatasi zako uliza swali moja tu, mwisho wangu ni tarehe ngapi.

Nilidhani yameisha. Januari 2024 nikaletewa samansi, yule mama anadai gharama zake za kesi, milioni tatu na ushee. Nikampigia dada wakili, akaniambia mwenye kupewa gharama ana siku 60 kuleta madai yake kuanzia siku ya amri, angalia wameleta lini. Nikakimbilia kaunta buku, moyo unadunda, nikaanza kuhesabu kwa kidole kuanzia tarehe 19 Oktoba. Walifungua Ijumaa tarehe 15 Desemba. Nikahesabu tena. Nikamuita Nuru yuko darasa la sita akahesabu na yeye.

Siku ya 57. Nikageuza karatasi nikatafuta risiti ya ada, labda walichelewa kulipa. Tarehe 15 Desemba, siku hiyohiyo.

Zilikadiriwa zikashuka mpaka milioni moja na laki nane, nikalipa kwa mafungu matatu, la mwisho Agosti.